Gedi Haina Majini, Ina Wenyewe

Kuna rili moja inazunguka kila Disemba na kila Pasaka, na najua umeiona. Muziki wa kutisha. Ukuta wa mawe umekumbatiwa na mizizi ya mti. Tumbili anakuangalia kama unamdai. Halafu sauti nzito inaanza: hapa palikuwa na mji, watu wake walipotea ghafla, na mpaka leo hakuna anayejua walikoenda. Kapsheni: MJI WA MIZIMU WA KENYA. Komenti zinajaa fuvu na "siwezi lala huko hata nikilipwa".

Wasee, hizo ni stori za jaba. Na mimi kama mtu wa kontenti nasema tuziache. Si eti ninachukia furaha ya watu. Hiyo stori ina mtu inayemuumiza, na huyo mtu ni Mkenya mwenzako.

Hebu nianzie mbali kidogo, ndio mnielewe.

Mwaka jana nilikaa wiki mbili Uingereza kwa binamu yangu anayesoma huko kaskazini, upande wa York. Siku moja akaniambia twende Ripon. Ripon ni mji mdogo wa zamani, ule wa kuzunguka kwa miguu ukamaliza kabla chai yako ipoe. Kuna kanisa kuu, kuna soko, na kila usiku saa tatu mtu aliyevaa kofia na koti rasmi anasimama pale sokoni anapuliza baragumu. Kila usiku, mvua inyeshe isinyeshe. Wanasema ni desturi ya zaidi ya miaka elfu moja. Nilicheka, halafu nikakumbuka siwa za Lamu na Pate, ile ya shaba na ile ya pembe za ndovu, zilizokuwa zinapulizwa kwenye sherehe za wakubwa. Kicheko kikaisha. Enyewe sisi pia tulikuwa na baragumu zetu, ni vile tu hakuna aliyetuambia.

Kilomita chache nje ya Ripon kuna magofu ya monasteri inayoitwa Fountains Abbey. Ilianzishwa mwaka 1132 na watawa 13 waliotoka kwenye monasteri kubwa ya mjini York, kwa sababu waliona maisha ya pale yamekuwa laini sana. Askofu mkuu akawapa kipande cha ardhi kwenye bonde la mto Skell, mahali pasipo na kitu. Wakajiunga na shirika la Wasistersia, wakaanza kufuga kondoo na kuuza sufu, na baada ya muda wale waliokimbia starehe wakawa kati ya watawa matajiri zaidi Uingereza. Maisha ni comedy.

Mahali penyewe ni noma, siwezi danganya. Kuna ghala la chini lenye dari ya matao, urefu wake kama mita 90, unasimama mwisho mmoja na huoni sura ya mtu aliye mwisho ule mwingine. Kuna mnara uliojengwa na mkuu wao aliyeitwa Huby, miaka michache tu kabla kila kitu kuanguka. Paa hakuna. Nyasi zimeota pale watu walipokuwa wakiimba usiku wa manane. Unaona hadi vyoo vyao, vilivyojengwa juu ya mto ili maji yabebe yenyewe. Nilipiga picha nyingi hadi foni ikaniambia haina nafasi.

Lakini kilichonishika si mawe. Ni vile stori yake inasimuliwa. Hakuna mahali nilipoona neno "mizimu". Hakuna aliyeniambia "watawa walipotea". Kila kona ina kibao: hapa walikula, hapa walilala, hapa mgonjwa alitolewa damu, hapa ndugu wasiosoma ndio walifanya kazi ngumu huku wale wasomi wakisali. Mwaka 1539 Mfalme Henry wa Nane akaifunga, kama alivyofunga monasteri zote za nchi yake, akachukua mali. Risasi ya paa ikang'olewa ikauzwa. Watawa wakapewa pensheni wakaenda. Baadaye tajiri mmoja akachukua mawe ya pale akajijengea jumba lake hapo hapo kando, na jumba bado lipo, unaweza kuingia.

Yaani, mtoto wa miaka kumi wa Ripon akitoka pale anajua nani alijenga, nani alifaidika, nani alifanya kazi, nani alibomoa na kwa nini. Ukimwambia ni mji wa majini atakuuliza kama uko sawa.

Sasa rudi Kenya na uangalie tarehe. Gedi, pale karibu na Watamu, kama kilomita 16 kusini mwa Malindi, ilianza kukua karne ya 12 au ya 13 na iliachwa kabisa mwanzoni mwa karne ya 17. Fountains Abbey: 1132 hadi 1539. Hawa wawili ni agemates! Walipokuwa watawa wa Yorkshire wakiuza sufu, watu wa Gedi walikuwa wananunua mabakuli kutoka China. Kuna kaburi pale Gedi lenye tarehe imechongwa kwa Kiarabu, mwaka 802 wa Hijria, ambao ni 1399. Mtu alikufa 1399, familia yake ikamlilia, ikatafuta fundi, ikaandika mwaka. Mtu anayeandika tarehe kwenye kaburi hataki kuwa mzimu. Anataka akumbukwe.

Tutembee Gedi polepole, bila muziki wa kutisha.

Mji ulikuwa na kuta mbili. Ukuta wa nje unazunguka eneo la karibu ekari 45. Ukuta wa ndani unazunguka msikiti mkuu, jumba la mtawala na nyumba za wenye nacho, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kati ya kuta hizo mbili ndiko waliishi watu wa kawaida, kwenye nyumba za udongo na makuti, na ndio maana leo huko unaona msitu tu, ju udongo na makuti havidumu miaka 400. Inakadiriwa watu wapatao 2,500 waliishi pale. Kwa hivyo ukisimama kati ya kuta hizo ukaona "hakuna kitu", kumbuka umesimama mtaani kwa wasee wa kawaida. Huo ndio Eastlands ya Gedi. Sisi wa Kitisuru tunaelewa vizuri sana mambo ya ukuta na geti, tusijifanye.

Nyumba za mawe zilipewa majina na wachimbaji kulingana na vitu vilivyopatikana ndani: nyumba ya kauri, nyumba ya mkasi, nyumba ya taa ya chuma, nyumba ya kisanduku cha pembe, nyumba ya shanga ya Venice. Soma hiyo ya mwisho tena. Shanga iliyotengenezwa kwenye mji wa zamani wa Ulaya, ule ule mnaouweka kwenye orodha ya ndoto zenu, ikasafiri hadi hapa, ikaanguka kwenye sakafu ya nyumba ya mtu Gedi. Pia kulipatikana sarafu za China na vyombo vya kauri vya Wachina. Hii ndiyo pwani ambayo Malindi ilimtumia mfalme wa China twiga mwaka 1415. Twiga. Kwa meli. Na sisi tunalia bei ya kutuma kifurushi Kisumu.

Ingia msikiti mkuu. Kwenye kibla kulikuwa na mabakuli ya kauri yamepachikwa ukutani kama pambo. Kuna kisima na birika la kutawadhia. Na juu ya mlango mmoja kuna mchongo wa mkuki wenye bapa pana. Hebu fikiria: msikiti, kibla kinaelekea Makka, bakuli kutoka China, na juu ya mlango mkuki. Hakuna haja ya jini hapo. Hiyo ni familia moja inayokuambia mambo matatu kuhusu yenyewe kwa wakati mmoja.

Halafu vyoo. Ndio, narudi kwa vyoo, vumilieni. Nyumba za Gedi zilikuwa na vyoo vya ndani, na mahali pa kujisafisha kwa maji. Watawa walikuwa na mto, Gedi walikuwa na kisima na fundi mzuri. Kama umewahi kukaa hosteli Nairobi ambayo maji ni Jumanne na Ijumaa, utawaheshimu hawa watu.

Sasa swali: kama tunajua haya yote, stori ya "hakuna anayejua" ilitoka wapi?

Ilitoka sehemu tatu, nionavyo mimi.

Ya kwanza ni Wareno. Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498, na Wareno wakakaa pale miaka mingi, lakini maandishi yao hayaitaji Gedi. Kwa hivyo watu wakasema: aa, kama Mzungu hakuiandika, basi ni siri. Hii logiki ni ya ajabu. Mimi jirani yangu wa geti la pili hajawahi kuniandika popote, na bado niko. Gedi ilikuwa ndani kidogo kutoka ufukweni, Wareno walikuwa watu wa bandari na marafiki wa Malindi. Kutoandikwa na mgeni si kupotea.

Ya pili ni msitu. Mji ulipoachwa miti ilifunika kila kitu. Mwaka 1884 John Kirk, mwakilishi wa Uingereza aliyekuwa Zanzibar, alifika pale, na tangu hapo vitabu vikaanza kusema pamegunduliwa. Wakati huo wote watu wa pale walikuwa wanajua njia ya kuingia na kutoka. Mwaka 1927 serikali ya kikoloni ikaitangaza sehemu ya kihistoria, na mwaka 1948 James Kirkman akaanza kuchimba.

Ya tatu ndiyo inanikera zaidi. Kirkman alifanya kazi kubwa, tumpe haki yake. Lakini yeye na wengi wa kizazi chake waliamini miji hii ya mawe si kazi ya Waafrika, ni ya Waarabu na Waajemi waliokuja wakajenga, na Mwafrika alikuwepo tu kama mtumishi au mtazamaji. Hiyo ikaingia kwenye vitabu, ikaingia darasani, ikaingia kichwani mwa mwalimu wako, na mwalimu wako akakuingizia wewe. Matokeo ni kwamba Mkenya wa bara akiona jiwe lililochongwa Pwani, kwanza anafikiria mgeni, halafu jini, na mwenyewe anakuja mwisho kabisa.

Wataalamu wameshapita hapo zamani. Kule Shanga, kisiwa cha Pate, miaka ya 1980 Mark Horton alichimba chini ya msikiti wa mawe akakuta misikiti mingine chini yake, mmoja juu ya mwingine, ya kwanza ikiwa ya mbao, kuanzia karne ya 8. Maana yake mji haukushushwa kutoka melini ukiwa umekamilika. Ulianza na miti na udongo, watu wale wale wakajenga tena na tena hadi wakafika kwa mawe.

Halafu Machi 2023 jarida la Nature likachapisha utafiti wa DNA ya watu 80 waliozikwa kwenye miji kama Mtwapa, Manda na Kilwa, na kati ya watafiti wakuu yuko Mkenya, Chapurukha Kusimba. Matokeo yake hayakufurahisha wale wanaotaka jibu rahisi. Kuanzia karibu mwaka 1000, kulikuwa na mchanganyiko: upande wa kina mama wengi ni Waafrika, upande wa kina baba wengi wametoka Asia, hasa Uajemi. Kwa hivyo wazee wa Pwani waliokuwa wakisema "mababu zetu walitoka Shiraz" hawakuwa wanadanganya. Na wale waliosema "sisi ni watu wa hapa" pia hawakuwa wanadanganya. Kilichodanganya ni vitabu vilivyolazimisha mtu achague upande mmoja.

Na sasa angalia hii: lugha waliyozungumza watoto wa hizo nyumba ilikuwa lugha ya mama zao. Lugha ya Kibantu. Ndiyo hii ninayokuandikia na wewe unaisoma ukiwa ndani ya matatu ya Waiyaki Way. Mji umeanguka, lugha ikabaki, na wewe unaitumia kuandika kwamba watu wake walipotea. Si hiyo ni kuchomea bibi yako picha?

Nilisema stori hii inaumiza mtu. Nilikuwa na roommate kutoka Malindi. Kila muhula mpya, kila mtu mpya: "We ni Mwarabu?" "Ulitoka wapi?" "Hapana, mwanzo kabisa ulitoka wapi?" Alikuwa anajibu "Malindi" na wanamwangalia kama amekataa kujibu. Siku alipoenda kuomba kitambulisho aliulizwa vyeti vya babu. Mimi wangu ulitoka bila babu yangu kutajwa. Sisi sote tumezaliwa Kenya, tofauti ni jina tu.

Na si yeye peke yake. Vijana wengi wa Pwani, hasa wenye majina ya Kiislamu, wamepitia maswali hayo ya ziada kwa miaka. Wapemba wa Kilifi na Kwale, wavuvi waliokaa ufuko huu vizazi na vizazi, walitambuliwa rasmi kama jamii ya Kenya mwaka 2023 tu. Kwa hivyo ukiweka video ukisema "hatujui nani alijenga hapa na walienda wapi", unamsaidia yule karani kuuliza "lakini wewe, mwanzo kabisa, ulitoka wapi?" Hakuna atakayekushtaki kwa hiyo video. Lakini ndiyo kazi inayofanya.

Na walienda wapi? Hiyo nayo si siri kubwa. Mwishoni mwa karne ya 16 pwani ilichafuka. Mwaka 1589 Wazimba walipita wakivamia miji. Mombasa na Malindi zilikuwa hazipatani. Mwaka 1593 Wareno wakahamia Mombasa, wakaanza kujenga Fort Jesus, na sultani wa Malindi akahamia huko pia, kwa hivyo pesa na biashara zikahama. Kutoka kaskazini Waoromo walikuwa wanashuka. Na maji: wachimbaji walikuta kisima kilichoongezwa kina, dalili kwamba maji yalikuwa yanazidi kwenda chini. Weka hayo yote pamoja. Vita, biashara imehama, kisima kinakauka. Ungefanya nini? Ungefunga virago. Watu waliondoka kidogo kidogo, wengine wakarudi kwa muda, halafu wakaondoka kabisa. Wataalamu bado wanabishana sababu ipi ilikuwa na uzito zaidi, na hilo ni sawa, lakini kubishana kuhusu uzito si sawa na kusema watu waliyeyuka.

Najua mtanijibu nini, nimeshasikia yote.

Kuna atakayesema: "Lakini wenyeji wenyewe wanasema kuna mizimu pale." Kweli, kuna wazee wa Kigiriama wanaosema pale pana wenyewe wasioonekana, na kwamba usipite ovyo ovyo. Lakini sikiliza wanachomaanisha. Wamijikenda wana kaya zao, misitu mitakatifu iliyoingia orodha ya UNESCO mwaka 2008, na huko pia huingii na viatu na kelele. Mzee akikuambia pale pana mizimu, anakuambia pana watu walioishi, kaa kwa heshima, usikate mti, usichukue jiwe. Hiyo imani imelinda msitu kuliko ishara yoyote ya serikali. Wewe unachukua neno lake, unatoa heshima, unaacha woga, unaweka muziki. Hamsemi kitu kimoja.

Kuna atakayesema: "Stori ya mizimu inaleta watalii, na watalii wanaleta pesa." Nakubali inaleta watu. Lakini inaleta mtu wa dakika ishirini, anayepiga selfi mbele ya mti, anapanda juu ya ukuta wa miaka 600 apate angle, anarudi Watamu kwa sundowner. Mtu wa stori ya kweli anakaa nusu siku, analipa gaidi, anapita kwa mradi wa Kipepeo hapo hapo Gedi, ule ulioanza 1993 ambapo wakulima wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wanafuga vipepeo na kuuza pupa wao nje ya nchi badala ya kukata miti. Anakula mjini. Hesabu ni yako.

Na kuna mwenye uchungu wa kweli, atakayesema: "Wewe unatoka Kitisuru, umepanda ndege, umeona Uingereza, sasa unatuhubiria." Sawa, napokea. Lakini ndio maana nasema. Pale Ripon sikuona kitu ambacho sisi hatuwezi. Kibao cha mbao si teknolojia ya anga. Waliheshimu stori yao wakaiandika sawasawa, basi. Na hata wao hawakuisafisha: wanakuambia wazi kwamba ndugu wasiosoma ndio walibeba mzigo na wasomi wakala. Sisi pia tusiisafishe Gedi. Kuta mbili zilikuwa na maana yake. Pwani hii ilikuwa na watumwa, na kule Mtwapa kuna magofu ambayo mpaka leo jina lake ni Jumba la Mtwana. Kukubali kwamba mji ni wetu ni kukubali pia madhambi yake. Jini halina madhambi, ndio maana ni rahisi kumpenda jini.

Julai 2024, kwenye mkutano wa New Delhi, Gedi iliingia orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, sehemu ya 8 ya Kenya kufika huko. Dunia imeshasema hapa palikuwa na mji wa maana. Tumebaki sisi.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo, na nalielekeza kwanza kwa watu wa kontenti.

Ukienda Gedi, lipa gaidi wa pale na umwache aongee, usimkate baada ya sekunde kumi ukatafuta mti mzuri. Kwenye video yako taja angalau kitu kimoja cha kweli: kaburi la 1399, mkuki wa mlangoni, shanga ya Venice, chochote. Usipande kuta, hata kama mwenzako amepanda. Na ile sentensi ya "hakuna anayejua" ifute kabisa. Ukikosa la kuweka, weka hii: waliondoka, na wajukuu wao wako hapa.

Kufika si mradi wa Schengen. Hakuna mtu wa ubalozi wa kukuuliza benki yako ina ngapi. Unapanda Madaraka Express asubuhi, baada ya saa tano au sita hivi uko Mombasa, unachukua matatu ya Malindi, unamwambia makanga akushushe Gede, halafu tuktuk. Gede ndivyo wenyeji wanavyoiita, kwa njia. Anza hapo hapo, kwa kutamka jina la watu vile wao wanalitamka.

Na wewe mwenye ndoto ya monasteri za Ulaya, nenda, sikuzuii, ni pazuri sana. Lakini ukisimama pale kwenye nyasi bila paa ukasikia kitu kinakushika moyoni, kumbuka kwamba hicho kitu kina ndugu yake wa rika moja, kaskazini kidogo ya Kilifi, chini ya mibuyu, na kwamba yule aliyeandika 802 kwenye kaburi alikuwa anatarajia mtu wa kuja kusoma. Imepita miaka mia sita na zaidi. Tusimjibu na muziki wa kutisha.

Ukienda nitag. Lakini nikisikia neno "mizimu", nakublock na sitaki maswali.